Debe la theluji lina maji kiasi gani?

MNAMO Mei 11, 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka pwani ya Mombasa kuelekea nchi ya Wachagga. Aliona kitu cheupe kikimetameta juu ya mlima mbele yake, na mwanzoni akadhani ni wingu. Kiongozi wa msafara alipoulizwa kile cheupe ni nini, alikiita kwa neno moja tu: baridi.

Rebmann alitambua kwamba alikuwa akitazama theluji. Lakini habari hizo zilipofika Ulaya, baadhi ya mabingwa wa jiografia walizipuuza. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani, walisema. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, naye akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha kuwa wamishonari hao hawakuwa wameota.

Leo hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba milima hiyo miwili ina theluji na barafu. Hata hivyo, wengi wetu tungali tunaifikiria theluji kuwa ni kitu kimoja, ile pamba nyeupe ya kwenye kadi za Krismasi. Tukisikia kwamba mji fulani wa ng'ambo umefunikwa na theluji ya mita moja, tunashika vichwa. Tukisikia sentimita 20, tunaona si kitu.

Na hapo ndipo tunapokosea. Yule kiongozi wa Rebmann alisema kweli, lakini alitaja nusu ya habari. Theluji ni baridi, ndiyo, ila pia ni maji. Kiasi cha maji kilichomo hakilingani popote: hubadilika kulingana na hali ya hewa, umbali kutoka baharini, kimo cha mlima na hata nguvu za upepo. Kwa mamilioni ya watu duniani, kiasi hicho ndicho huamua kama mifereji itatoa maji au itakauka.

BISI NA MAHINDI

Ili kuelewa jambo hili, tuchukue kipimo ambacho kila nyumba inakijua: debe la lita 20.

Lijaze debe hilo theluji iliyoanguka sasa hivi, usiishindilie, kisha uiache iyeyuke. Utapata maji kiasi gani? Kwa muda mrefu watu wa nchi za baridi wametumia kanuni ya kumi kwa moja: sentimita 10 za theluji hutoa sentimita 1 ya maji. Kanuni hiyo inatokana na vipimo vilivyofanywa Kanada katika karne ya 19. Kwa hesabu hiyo, debe letu litatoa lita 2.

Lakini kanuni hiyo ni ya kukadiria tu. Theluji nyepesi sana, ambayo mtoto anaweza kuipuliza ikapeperuka, huwa na maji asilimia 5 hivi. Debe lake hutoa lita 1. Theluji nzito inayoanguka wakati baridi si kali inaweza kufika asilimia 20, na debe lake likatoa lita 4. Theluji iliyokaa mlimani miezi kadhaa, ikajishindilia kwa uzito wake yenyewe, inaweza kuwa na maji asilimia 40 au 50. Debe la namna hiyo hutoa lita 8 hadi 10.

Madebe ni yale yale, weupe ni ule ule, lakini moja lina maji mara kumi ya jingine. Ni kama bisi na mahindi. Debe la bisi na debe la mahindi makavu yote yamejaa, lakini huwezi kumlisha ugali mtu kwa debe la bisi. Kinachojaza nafasi katika theluji nyepesi ni hewa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na kuna theluji za namna hiyo: zinatisha kwa kimo, ilhali ndani yake maji ni kidogo.

Wanafunzi wanaweza kujaribu jambo hili nyumbani. Friji za zamani huota ukungu mweupe wa barafu kwenye kuta za sehemu ya kugandishia. Kwangua ukungu huo kwa kijiko cha mbao, ujaze gilasi bila kushindilia, uache uyeyuke, kisha upime maji kwa rula. Rudia jaribio, safari hii ukishindilia. Utaona mwenyewe tofauti.

UMBO LA CHEMBE

Mbona theluji moja iwe na hewa nyingi na nyingine iwe na maji mengi? Mtu aliyetusaidia sana kulielewa hilo ni mwanasayansi Mjapani Ukichiro Nakaya, wa Chuo Kikuu cha Hokkaido. Mwaka wa 1936 alifaulu kutengeneza chembe ya theluji ndani ya maabara, akiiotesha juu ya unywele wa sungura. Kwa kubadilisha baridi na unyevu wa hewa, aligundua kwamba kila hali huzaa umbo lake.

Hewa ikiwa na nyuzi 5 hivi chini ya sufuri, chembe hukua kama sindano au vijiti vidogo. Ikifika nyuzi 15 chini ya sufuri, na unyevu ukiwa wa kutosha, chembe huwa nyota zenye matawi sita, yale maua mazuri tunayoyaona katika picha. Nyota hizo zikianguka, matawi yake hushikana na kuacha nafasi nyingi kati yake. Hewa huingia humo, na theluji huwa nyepesi. Sindano na vijiti hulaliana kama kuni katika mzigo, na theluji yake huwa nzito zaidi.

Kuna mambo mengine pia. Karibu na nyuzi sufuri chembe huanza kuyeyuka zikiwa angani, hugandana na kuanguka zikiwa zimelowa. Mara nyingine matone madogo ya maji yaliyomo mawinguni huganda juu ya chembe na kuziongezea uzito. Upepo mkali nao huvunja matawi ya nyota, na vipande vyake vikajipanga pamoja kama unga ulioshindiliwa koponi.

Jambo la ajabu ni kwamba baridi kali mno haileti theluji nyingi. Hewa yenye joto kidogo hubeba mvuke mwingi. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa yenye baridi ya kukata maini ni kavu, haina cha kudondosha. Ndiyo sababu theluji nyingi mno huanguka mahali ambapo baridi na unyevu wa bahari hukutana.

DHORUBA MOJA, THELUJI MBALIMBALI

Mfano mzuri wa mkutano huo uko magharibi mwa Marekani. Dhoruba hutoka katika Bahari ya Pasifiki ikiwa imejaa mvuke. Mlima mkubwa wa kwanza inaoukuta California ni safu ya Sierra Nevada. Hewa hulazimika kupanda, hupoa, na kudondosha theluji nzito yenye maji yapata asilimia 12. Wenyeji huifananisha na saruji. Debe lake hutoa karibu chupa tano za nusu lita.

Dhoruba hiyo huvuka jangwa la Nevada ikiwa imekwisha kupunguza mzigo wake. Inapofika milima ya Utah, theluji inayoanguka Alta huwa na maji kati ya asilimia 8 na 9 kwa wastani, yaani chupa tatu na kitu kwa debe. Mbele zaidi, katika baadhi ya milima ya Colorado, hushuka hadi karibu asilimia 7. Wanamichezo wa kuteleza kwa ski husafiri kutoka mbali kuja kucheza katika theluji hiyo laini ya bara. Mkulima wa California angependa ile nzito, kwa kuwa yeye hatelezi bali ananyunyizia mimea maji.

Kaskazini ya huko, katika jimbo la Washington, kuna Mlima Baker, ulio karibu na bahari. Katika msimu wa 1998 na 1999, uwanja wa ski wa mlima huo ulipokea theluji ya karibu mita 29, ambayo ni rekodi ya dunia ya msimu mmoja. Jumla hiyo yashinda jengo la ghorofa tisa.

Huko Japani, bahari hufanya kazi kwa namna nyingine. Kila msimu wa baridi, pepo kavu na baridi huvuma kutoka Siberia. Zikipita juu ya Bahari ya Japani, ambayo maji yake ni ya vuguvugu yakilinganishwa nazo, hufyonza mvuke. Zikikutana na milima ya Japani, huumwaga wote kama theluji. Mji wa Aomori hupokea mita kadhaa za theluji kila mwaka. Katika Mlima Ibuki, Februari 14, 1927, theluji iliyokuwa ardhini ilipimwa ikawa na kina cha mita 11.82.

Lakini hata ndani ya nchi hiyo moja kuna tofauti. Kisiwani Hokkaido, kaskazini, baridi ni kali na theluji ni nyepesi kama unga. Kusini zaidi, katika pwani ya Niigata na Toyama, baridi huchezacheza karibu na sufuri na theluji huwa nzito yenye maji. Wakenya wana kumbukumbu yao katika nchi hiyo: ni Nagano, mwaka wa 1998, ambapo Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki katika Olimpiki za msimu wa baridi, baada ya kufanya mazoezi Ufini. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye utepe ili ampongeze.

JANGWA JEUPE

Je, mahali penye baridi kuliko kote duniani pana theluji nyingi kuliko kote? La hasha. Katika Ncha ya Kusini, kwenye bara la Antaktika, theluji inayoongezeka kwa mwaka mzima ni kama sentimita 20 tu. Ikiyeyushwa hutoa maji ya sentimita 8 hivi, yaani milimita 80. Hata Lodwar, katika joto la Turkana, hupata mvua kubwa kuliko hiyo. Kwa kipimo cha mvua na theluji, Ncha ya Kusini ni jangwa.

Msomaji makini atakuwa ameona jambo jingine hapo. Sentimita 20 kutoa sentimita 8 maana yake ni maji asilimia 40. Theluji ya mahali pa baridi namna hiyo haikupaswa kuwa nyepesi? Chembe zake ni ndogo na kavu, lakini upepo huzisaga na kuzishindilia miezi yote, wala haziyeyuki. Na kwa kuwa haziyeyuki, haba na haba hujaza kibaba: chini ya kituo cha utafiti kilichoko hapo kuna barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita 2.

UZITO JUU YA PAA

Kwa jamaa zetu wanaoishi Minnesota, Massachusetts au Toronto, hesabu hizi si za darasani. Tuseme njia ya gari mbele ya nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 3, na usiku theluji imeanguka sentimita 30. Ikiwa nyepesi ya asilimia 5, mwenye nyumba ana kilo 450 za kuondoa kwa sepetu kabla ya kwenda kazini. Ikiwa ya asilimia 10, ni kilo 900. Ikiwa ile iliyolowa ya asilimia 20, ni kilo 1,800, sawa na magunia 20 ya mahindi ya kilo 90. Kwa macho, zote tatu zinafanana.

Kazi hiyo inaua. Nchini Japani, kila msimu wa baridi watu hufariki wakiondoa theluji, wengi wao wazee ambao huanguka kutoka paani au hufukiwa na theluji inayoporomoka.

Majengo nayo huelemewa. Mnamo Januari 28, 2006, paa la ukumbi mkubwa wa maonyesho karibu na mji wa Katowice, Poland, liliporomoka wakati wa maonyesho ya njiwa. Theluji na barafu vilikuwa vimerundikana juu yake. Watu 65 walipoteza maisha. Hebu piga hesabu: theluji ya zamani yenye kina cha nusu mita na maji asilimia 30 ina uzito wa kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba. Paa lenye ukubwa wa uwanja wa mpira litakuwa limebeba zaidi ya tani 1,000.

BENKI YA MAJI

Aliyewafundisha Wamarekani kuipima theluji kwa maji badala ya kimo hakuwa mwanasayansi wa hali ya hewa. Alikuwa James Church, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Nevada, aliyependa kupanda milima. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mvutano kuhusu maji ya Ziwa Tahoe, na hakuna aliyejua ziwa lingepanda kiasi gani theluji ikiyeyuka. Church alibuni bomba refu lenye meno mwishoni. Alilizamisha katika theluji hadi ardhini, akalichomoa na theluji yake, kisha akalipima kwa mzani. Uzito ulimwambia kiasi cha maji.

Njia hiyo ingali inatumika, ingawa siku hizi kuna pia mamia ya vituo vinavyopima uzito wa theluji vyenyewe na kutuma habari, na ndege zinazopima kina chake kwa miale ya leza.

Sababu ya juhudi hizo ni kwamba theluji ya Sierra Nevada hutoa karibu asilimia 30 ya maji ya jimbo la California. Mvua ya huko hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu. Theluji basi ni benki: huweka akiba wakati wa neema na kuitoa polepole wakati wa dhiki, bila bwawa wala pampu.

Mnamo Aprili 1, 2015, gavana wa wakati huo, Jerry Brown, alifika mahali ambapo theluji hupimwa kila mwaka. Kwa kawaida tarehe hiyo pangekuwa na kina cha zaidi ya mita moja na nusu. Siku hiyo alisimama juu ya nyasi tupu. Maji yaliyokuwa katika theluji ya Sierra Nevada yalikuwa asilimia 5 tu ya wastani. Papo hapo alitangaza kwamba matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Miaka minane baadaye, Aprili 2023, mambo yaligeuka: theluji ilikuwa na maji asilimia 237 ya wastani. Ilipoyeyuka, Ziwa Tulare, ambalo lilikuwa limekaushwa likawa mashamba, lilirudi na kumeza mimea.

Joto la dunia linazidi kuivuruga benki hii. Mahali ambapo baridi ilikuwa karibu na sufuri, theluji hugeuka kuwa mvua. Maji ni yale yale, lakini hushuka yote wakati wa baridi, mafuriko yakatokea, na kiangazi kikikuta akiba imekwisha.

NA HUKU KWETU?

Mnamo Septemba 2008 wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, waliamka wakakuta mlima mzima mweupe. Watu walifurika kuona theluji ya Kenya. Kumbe ilikuwa mvua ya mawe, punje ndogo zilizogandana zikatandaza zulia. Mvua ya mawe ni barafu ngumu, na debe lake lina maji mengi kuliko theluji mpya.

Theluji halisi huanguka kwenye vilele vya Mlima Kenya mwezi wowote, hasa wakati wa mvua. Lakini huku Ikweta hatuna msimu mrefu wa baridi wa kuitunza. Huganda usiku, jua likitoka huyeyuka. Barafu ya zamani nayo inakwisha. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Katika Kilimanjaro, asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka wa 1912 lilikuwa limebaki wazi kufikia 2007.

Wengi huhofia kwamba barafu hiyo ikiisha mito yetu itakauka. Kupotea kwake ni hasara kubwa na ni onyo. Lakini maji mengi ya Tana hayatoki katika barafu ile ndogo. Hutoka katika mvua inayonyesha kwenye miteremko, ikanyonywa na udongo wa misitu na kuachiliwa polepole. Bwawa la Ndakaini, ambalo huwapa wakazi wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yao, hulishwa na mito ya Aberdare, ambako hakuna theluji ya kuyeyuka.

California ina benki yake ya maji juu ya Sierra Nevada, nyeupe, na kila Aprili huenda kuihesabu kwa bomba na mzani. Benki yetu ni ya kijani kibichi, ni ule msitu. Yao huisha kwa joto ambalo mtu mmoja hawezi kulizuia. Yetu huisha kwa shoka na msumeno.

Basi msomaji, siku nyingine ukisikia kwenye habari kwamba theluji ya mita moja imeanguka mahali, usishangae kabla ya kuuliza: ikiyeyuka, debe lake litatoa lita ngapi? Na ukifungua mfereji wako nyumbani, jiulize pia maji hayo yaliwekwa akiba wapi, na ni nani anayeilinda.